Kitani Kisicholala

Insaf alikuwa na mkono mwepesi. Kila mtu kwenye karakana ya nguo za kale pale makumbusho ya Kairo alilijua hilo. Kitani kutoka makaburini alikilainisha kwa mvuke, akakinyoosha, akakilaza chini ya vioo vizito, na kitambaa cha miaka elfu tatu kikatulia kama shuka la juzi. Isipokuwa hiki kimoja.

Kilikuwa sanda ya mtoto mchanga. Maiti yenyewe ilishapotea zamani, ikabaki nguo tu: shuka la nyumbani lililochanwa, lenye kiraka alichoshona mtu kwa subira. Kila jioni Insaf alikilaza. Kila asubuhi alikikuta kimeinuka, vioo vimesukumwa kando, kimejikunja na kuacha shimo la mwili mdogo uliolala ubavu.

"Kimekupenda hicho," mwenzake Rawia alimtania huku akitafuna taamia, bajia za maharagwe. "Kinakungoja kukicha."

"Nyamaza wewe! Ni unyevu tu."

Unyevu gani Kairo mwezi wa Juni? Insaf hakuwa mjinga. Aliogopa, na kibaya zaidi, alianza kuwahi kazini. Maana mwaka uliopita alijifungua mtoto wa kike asiye na pumzi, naye mwenyewe yuko kwenye usingizi wa dawa. Alipozinduka, mumewe Shukri alikuwa ameshamzika. Hakumwona hata sura. Hakuuliza, na Shukri hakusema. Wakaishi hivyo, wanapitishiana chumvi mezani.

Asubuhi moja alikuta kitambaa kimegeukia kiti chake. Akavua glavu, jambo lililokatazwa kabisa, akaingiza mkono kwenye lile shimo. Kulikuwa na joto, joto la kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia. Kisha kitani kikamlalia mkononi taratibu, kikatulia.

Aliondoka bila kuaga, akarudi nyumbani. Shukri alikuwa jikoni anachambua majani ya mulukhiya ya mchuzi.

"Ulimfunga sanda vipi binti yetu?"

Majani yakamponyoka mkononi. Hakugeuka.

"Nilimfunga mwenyewe. Sikumpa mtu."

"Mbona hukunisubiri, Shukri?"

"Nilikusubiri! Nilimfunga mwili wote, uso nikauacha wazi. Nikakaa naye mapajani mpaka jua linazama, nasema mama yake ataamka sasa hivi, aje amwone. Mwishowe walinzi wa makaburi wakaniambia, baba, funika, tunafunga lango."