Neti Iliyobaki Ulaya

Sogeeni, wajukuu, na hiyo redio izimeni kwanza. Juzi dukani hapa Garsen jirani yangu alikuwa akinunua neti. Muuzaji akamtania, "Mama, ile ya zamani imeliwa na panya?"

"Imebaki Ulaya, kwa binti yangu." Akafumba macho, akayumba taratibu kama bado yumo safarini. "Alinipandisha treni kuukuu yenye vitanda, twende baharini. Nikafunga neti yangu. Akaona haya: 'Mama, huku hakuna mbu! Watatucheka!' Lakini mtu wa mtoni bila neti atalalaje? Taa zikazimwa, treni ikatubembeleza. Mara neti ikainuliwa. Ni yeye, akajikunja mgongoni pangu kama enzi za utoto wake Minjila. Tulifika baharini tungali usingizini."

Basi neti kairithi binti, huko kusiko na mbu. Mimi nimerithi kisa.