Kanda Tuliyoirekodi Bila Umeme

Nilipohamishiwa Kasulu kufundisha chuo cha ualimu, nilikuja na sanduku la nguo na tarumbeta. Tarumbeta nilijifunza Songea, kwenye bendi ya parokia, nikiwa msichana pekee kati ya wapulizaji. Sikuwahi kuona aibu. Nilijua ninapiga vizuri.

Chuoni nilikuta bendi kubwa kuliko nilivyotarajia: walimu, makarani, muuguzi mmoja wa kike aliyepuliza tromboni, magitaa, kinanda cha umeme na dramu. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mzima kunizidi, mpiga gitaa la besi. Mwaka wangu wa pili akanikabidhi kazi ya kupanga sauti za wapulizaji, na bendi ikaanza kusikika kama kitu kimoja.

Hapo ndipo tulipoamua kurekodi kanda. Mimi nikasema tualike wageni wapige solo.

"Kanda yetu, tuwape wageni?" kiongozi akauliza.

"Pamoja tunapiga vizuri, mwalimu. Lakini hapa hakuna anayeweza kusimama peke yake watu wakamsikiliza."

"Hata wewe?"

"Mimi ninaweza. Mmoja hatoshi."

Akacheka, akanikubalia.

Wageni niliwachagua mwenyewe. Wa kwanza alikuwa mpiga saksafoni, Mkongo aliyeishi kwenye kambi ya wakimbizi. Nilimsikia kwenye sherehe ya kanisa. Wa pili alikuwa mama wa Mabamba aliyeleta maharage sokoni kwetu, na ambaye kule kwao harusi haikuanza mpaka aimbe. Nilipomweleza ninachotaka, aliuliza swali moja tu: "Nitaimba Kiha?" Nikamwambia ndiyo. "Ego," akaitikia ndiyo kwa Kiha, "nitakuja."

Tuliazima ukumbi wa kanisa Jumamosi moja, pamoja na jenereta lao. Mgeni wetu wa kambini alikuwa na kibali cha siku hiyo hiyo, na kabla ya jioni alitakiwa awe amerudi. Tulipofika katikati ya wimbo wa kwanza, jenereta likakohoa, likazima. Gitaa, besi na kinanda vyote kimya. Fundi wao akalifungua, akatikisa kichwa.

"Tuahirishe," kiongozi akasema.

Mpiga saksafoni akanitazama. "Mama, mimi kurudi tena itakuwa nguvu. Kibali hawanipatie kila siku."

"Huendi popote," nikamwambia. "Saksafoni yako inatumia umeme?"

"Hapana."

"Na tarumbeta yangu haitumii. Tunaendelea."

Nikaagiza iletwe redio kaseti yangu ya betri. Tukaiweka juu ya kiti katikati ya ukumbi, nami nikawapanga watu kwa nguvu ya sauti zao: mama wa Mabamba karibu kabisa, saksafoni nyuma yake, dramu kule jukwaani, sisi wa tarumbeta mlangoni tukielekeza midomo ya ala nje. Muuguzi nikamwambia tromboni yake ndiyo besi sasa. Nilimwimbia sauti zake mara mbili, akazishika.

Akabaki kiongozi, amesimama na gitaa lisilolia. Niliona uso wake umebadilika.

"Na mimi?" akauliza.

Nikampa manyanga ayatikise. Aliyashika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, kisha akaliweka gitaa chini akaja kusimama karibu na dramu.

"Haya," akasema, "tuhesabie."

Nikahesabu, tukaingia. Mama akaimba wimbo wa kumuaga bibi harusi. Nilikuwa nimempangia beti mbili, baada ya hapo saksafoni ijibu. Zilipokwisha beti mbili hakunyamaza. Alikuwa amefumba macho, anaendelea, na mpiga saksafoni tayari ameshavuta pumzi. Nikainua ngumi ili wapulizaji washikilie sauti ile ile wasiiachie. Wakashikilia. Mama akamaliza alipotaka yeye, ndipo saksafoni ikaingia chini chini, ikiifuata njia aliyopita mama, kisha ikapanda. Nilipopiga solo yangu mwishoni, nilipiga fupi. Sikuwa na haja ya kuongeza mengi.

Tulirekodi nyimbo zote mchana ule. Mgeni wetu alipanda gari la mizigo jua lingali juu, kibali mfukoni.

Kanda ile ilinakiliwa kuliko nilivyoweza kufuatilia. Niliisikia sokoni, niliisikia kwenye basi la Kigoma, na dereva alipoambiwa mpiga tarumbeta yumo ndani hakuamini mpaka nilipofungua sanduku la tarumbeta. Kiongozi alianza kuwaeleza watu kwamba wazo la wageni lilikuwa letu sote, nami sikumpinga, maana manyanga yake yanasikika vizuri sana.

Nakala ya mpiga saksafoni niliipeleka kambini mwenyewe. Tuliisikiliza tumekaa nje ya nyumba yake, mkewe akituletea chai. Ilipofika solo yake akakunja uso.

"Unasikia? Hapa nilichelewa kuingia."

"Hukuchelewa," nikamwambia. "Wenzangu walishikilia sauti mpaka mama amalize, ndipo ukaingia."

Akairudisha kanda nyuma, akasikiliza tena, safari hii akipiga mdundo kwenye goti.