Nimewasifia wageni ngoma, tukakuta kuku ameatamia ndani

Jumamosi, mwezi wa Agosti, kama sikukosea hesabu. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka nusu ya mlima Matogoro, baridi ya kuuma masikio. Saa nne jua likatoka.

Wakuu mnaolala katika banda hili la wasafiri na kuandika katika daftari lake, salaam. Mmoja wenu, ukurasa wa nyuma, ameuliza: mgeni akifika Songea atazame nini, anywe wapi, asikie ngoma wapi?

Nimesoma shule miaka miwili tu, wajuzi wapo. Ila haya yamenipata mwenyewe. Nikikosea, nisahihisheni hapo chini.

Juma hili nilipokea wageni wanne kutoka Tunduru, wauza chumvi na nguo. Mkubwa wao ni Bwana Ausi, mtu wa dini, mcheshi sana. Akaniuliza swali hilo hilo.

Nikamjibu kwa haki. Pandeni Matogoro, mkaione Ruvuma ikiwa bado kijito ambacho mtoto anakiruka. Pombe ya komoni, nendeni kwa Mama Agata, Msamala. Ya mke wangu ni nyepesi, na hilo nililisema mbele yake.

Aliniangalia tu.

Asiyekunywa, kama Bwana Ausi, atapata togwa huko huko.

Na ngoma? Nikasema kwa Mama Kolumba, hakuna kama pale.

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Mama Kolumba ni dada mkubwa wa mama yangu. Mumewe alikuwa mpiga ngoma, watu walitoka vijiji vya mbali kumfuata. Vita vya Majimaji vilimchukua, hakurudi. Tangu hapo sikusikia ngoma ile. Nilidhani tu, sijui kwa nini nilidhani, kwamba hupigwa nikiwa sipo.

Tukaenda. Ngoma ipo jikoni, imepinduliwa, mdomo juu. Ndani majani makavu, na juu ya majani kuku ameatamia.

Wageni walicheka mpaka wakashika ukuta. Mimi nikatazama miguu yangu. Wauza chumvi hawafichi neno. Nikaona jina langu limekwisha fika Tunduru: ukienda Songea, mwenyeji atakuonyesha kuku.

Mama mkubwa hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umewaahidi watu kitu cha nani?"

"Cha kwako, mama. Nimekosa."

Bwana Ausi akaacha kucheka. Akachuchumaa mlangoni.

"Shikamoo, mama. Kuku huyu amebakiza siku ngapi?"

"Marahaba. Tatu."

"Basi tutamsubiri. Mwenye nyumba hafukuzwi kwa ajili ya mgeni."

Mama mkubwa akamtazama sana. Akasema mayai yakianguliwa, tutaona. Hakuahidi, wakuu, nisimsingizie.

Wakasubiri kweli. Walipanda Matogoro, walikwenda Msamala, na kwangu walimaliza maharage yote. Mke wangu aliniuliza ni lini nitajifunza kusema "sijui". Halafu mgeni mmoja akasema komoni ya mke wangu inaishinda ya Mama Agata. Mimi sikubaliani naye, lakini nimeandika.

Siku ya nne, jana, vifaranga tisa.

Mama mkubwa aliwahamishia kikapuni mwenyewe. Akakung'uta majani, akaisogeza ngoma motoni ngozi ikaze. Nilidhani ataita mtu wa kupiga. Akaishika yeye.

Kila akipiga, manyoya yanaruka. Majirani wakaja bila kuitwa, wakasimama uani kimya, kama watu wasio na hakika kwamba inaruhusiwa. Kisha mwanamume mmoja akaingia kucheza lizombe. Wakafuata wengine, mchana kweupe. Mama mkubwa alilia kidogo, akacheka zaidi. Aliyecheza vibaya kuliko wote ni Bwana Ausi, wala hakujali.

Leo asubuhi wameondoka. Sijui watanisema vipi njiani.

Nilichojifunza ni hiki: usimsifie mgeni mahali ambapo wewe mwenyewe hujapiga hodi tangu vita. Anayejua pengine pazuri pa ngoma au kinywaji aandike chini yangu, ila aseme na siku aliyokwenda.

Jioni hii tumekula ugali wa ulezi na majani makavu ya maboga, maana maharage ndiyo hayo yamekwisha. Katikati ya kula tukasikia ngoma kutoka kwa mama mkubwa. Mke wangu akaacha tonge mkononi.

"Amepata wageni gani tena?"

Nikatoka kutazama. Hakuwa na mgeni.