Kisiwa Kisicho na Sheha

Ghalia ni mtu wa Pemba, na kwao hakuna jambo lisiloanzia kwa sheha, yule mkuu wa mtaa. Unataka kujenga, kuoza, kusafiri, nenda kwa sheha akuandikie barua. Basi hata baada ya miaka kumi na tisa ya kuuguza wazee majumbani mwao huku Stratford, London, aliamini kila serikali ina mlango wa kwanza, na ukipiga hodi lazima mtu aitike.

Mumewe Ambrose, aliyesilimu ndipo akaozwa, kwao ni kisiwa kidogo huko mbali, kimojawapo cha vile ambavyo Mwingereza bado anavitawala. Mama yake, Bi Bridget, anaishi huko peke yake na kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Nesi wa zahanati ya jirani alikuwa akimfunga bandeji kila baada ya siku moja. Mwezi wa Machi ikatangazwa kwamba zahanati inafungwa. Baraza walilolichagua wenyewe watu wa kisiwa likapiga kura isifungwe. Gavana akasema itafungwa, na ikafungwa.

"Huyo Gavana mlimchagua lini?" Ghalia aliuliza.

"Hatumchagui. Analetwa kutoka hapa London."

"Hapa hapa? Mbona rahisi basi!"

Rahisi, eti! Akatia baibui jipya, akabeba sahani ya mkate wa kumimina, maana kwa mkubwa huendi mikono mitupu, akaenda ofisini kwa mbunge wa Stratford. Akapokewa na Nishma, karani, binti wa Kihindi wa mtaa wa Kenton ambaye Kiswahili alifunzwa na bibi yake wa Mombasa.

"Anti, hicho kisiwa hakina mbunge."

"Hakina? Sasa bungeni wanasemewa na nani?"

"Na hakuna mtu. Mwandikie waziri." Nishma aliona haya, na mkate hakuugusa.

Ghalia akaandika. Huku nyuma akampigia mkwewe simu. "Mama, nenda kwa Gavana mwenyewe. Akiuona huo mguu kwa macho yake, ataona aibu." Bi Bridget akashika fimbo, akateremka mlima mzima. Gavana alimkaribisha vizuri, chai na biskuti, kisha akampa barua: uamuzi huu ni wa London.

Baada ya wiki tisa likaja jibu la London. Tunakushukuru, suala hili ni la Gavana.

"Wananichezea hawa!" Ghalia alipiga meza ya jikoni mpaka vikombe vikalia. "Wallahi wananichezea! Huyu anamsukumia yule, yule anamsukumia huyu, na mtu mzima anaoza mguu!" Ambrose aliviweka sawa vikombe. Alikuwa ameyasikia haya tangu utotoni.

Kilichomkera Ghalia zaidi ni kwamba ule mteremko ulikitonesha kidonda, na aliyemtuma mkwewe ni yeye. Asubuhi ile ile alikuwa amemfunga bandeji bibi mmoja wa Kizungu wa mtaa wa pili, kazi ya dakika kumi.

Akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akapandisha suruali, akaweka mguu wake kitini ili Bi Bridget aone jinsi ya kujifunga bandeji.

"Anzia vidoleni, mama. Taratibu. Usikaze."

Kule kwenye simu mzee akazungusha mara moja. Bandeji ikamponyoka.

"Imebiringika uvunguni, mwanangu. Siwezi kuinama."

"Usiiname, mama," Ghalia akasema, huku mguu wake mwenyewe, mzima, ukiwa bado kitini.