Boriti ya Tatu

Mbao nilizipasua mwenyewe, mninga mtupu, na bado watu wa kule Geita wakasema mkwe wao fundi amemjengea mama yao baraza bovu. Waache waseme. Sijawahi kumjibu hata mmoja, ila hasira ninayo mpaka leo.

Baraza lile lilikuwa kazi ya marehemu baba mkwe, aliyeliinua juu ya udongo mweusi kwa mbao za makasha ya mgodini. Mchwa walikuwa wamelila, na mama mkwe alishaanza kulivuka ameshika ukuta. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu zamani. Akianguka pale, shamba ndiyo basi tena, naye alikuwa akiishi peke yake. Mke wangu akanisumbua kiangazi kizima mpaka nikafunga msumeno na nyundo kwenye baiskeli, tukaenda.

Sasa, kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Ndiyo heshima yenyewe. Mimi niko barazani, yeye yuko ndani, na mlango ni huo mmoja. Kila neno likawa linapitia kwa mke wangu. Mama anauliza mbona misumari mifupi. Mama anasema marehemu alikuwa anaranda kwanza. Mama anauliza kama kazi itaisha leo. Nikawa nasaga meno. Mimi niliyeezeka maduka ya Wahindi pale Shinyanga mjini, leo nafundishwa kazi kupitia dirishani na mtu nisiyeruhusiwa hata kumjibu! Kwenda zake huko.

Mchana mke wangu akaenda kisimani. Nilikuwa nimebakiza mbao mbili tu niliposikia sauti ndani, ya taratibu, ikizungumza na ukuta.

"Wewe ukuta, mwambie huyo anayegonga kwamba boriti ya tatu imeoza kwa chini. Marehemu aliitilia kiraka tu."

Boriti za marehemu nilikuwa nimeziacha, na kwa juu hiyo ilionekana nzima. Kuigeuza ilikuwa ning'oe nusu ya kazi niliyokwisha kufanya, na mimi nilikuwa nimefura. Nikajisemea, ukuta ndio ulioambiwa, basi ukuta na uitengeneze. Nikalaza ubao, nikaupigilia kwa nguvu makusudi, ili asikie.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunaondoka. Nilikuwa nyuma ya nyumba natoa baiskeli, mama mkwe akaona njia nyeupe, akatoka na kibuyu cha maziwa ya safari yetu. Nikasikia boriti ikikatika.

Nilimkuta amezama mpaka kiunoni katikati ya mbao zangu mpya. Hapo heshima gani tena? Nilimtoa kwa mikono yangu, akafunika uso kwa kanga, na mguu ule mbovu ukawa unaning'inia vibaya. Mke wangu akaja mbio, analia, akachungulia shimoni akaiona boriti.

"Mama, si baba alikuwa anaisema kila siku hii kwamba imeoza? Mbona hukumwambia?"

Nikangoja anitaje. Nilitaka anitaje.

"Ningemwambiaje, mwanangu?" akasema chini ya kanga. "Mimi na mkwe wangu hatusemezani."

Nilikuwa bado nimembeba.