Siku Niliyowahamisha Watu Kikopey

Nawasimulia hii nikicheka, lakini siku yenyewe sikucheka, na mpaka leo nikipita Kikopey, pale penye hoteli za nyama choma, huinama ndani ya gari nikijifanya natafuta kitu kwenye viatu, maana sina uhakika kama yule waiter amenisahau.

Mimi kazi yangu ni kurekebisha kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawia programu zote nafasi ya kumbukumbu (najua, hata mamangu huwaambia majirani mtaani Rhonda kwamba "Wafula anatengeneza simu"). Siku hizo nilikuwa nimekabwa koo na kasoro moja. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa kurasa ndogondogo, sasa programu kubwa ikija inataka ukurasa mmoja mkubwa, nafasi iliyoshikana, si kipande huku na kipande kule, basi mfumo unazihamisha zile ndogo kando ili nafasi ipatikane. Wetu ulikuwa unahamisha vizuri kabisa, halafu baada ya muda unakuta programu moja imeshika data ya mwenzake. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Nilikuwa nikiota hiyo kitu.

Katikati ya hayo yote mchumba wangu Njeri akaniambia babake amekubali kuniona. Mzee Kariuki ni mkulima wa Subukia, hana maneno mengi, na alikuwa ameshamwambia Njeri neno moja tu, kwamba hampi binti yake mtu ambaye kazi yake haieleweki. Tukapanga tukale nyama Kikopey, Jumamosi mchana. (Nani hupeleka wakwe Kikopey Jumamosi mchana, wakati kumejaa hadi mlangoni? Mimi.)

Mzee akaja na mkewe, wajomba wawili na shangazi. Nikatangulia kwenye kaunta, nikachagua mguu wa mbuzi, nikamwambia waiter tutakaa meza ya kona, kugeuka hivi, meza ya kona ina viti viwili. Sio kwamba hoteli haikuwa na viti, vilikuwepo vya kututosha sote, ila vimetawanyika, kimoja hapa, viwili pale.

"Tungoje tu," Njeri akasema.

Na ningengoja, haki ya Mungu, kama Mzee hangeniuliza saa hiyo hiyo, "Na hii kazi yako, kijana, ni ya kufanya nini hasa?" Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Kumbe nilikuwa najipalia makaa.

"Mzee, hebu nikuonyeshe," nikasema.

Kwenye ile meza ndefu ya dirishani walikuwa wamekaa kina mama wanne wa chama, wamevaa tisheti za kijani zinazofanana, mwenyekiti wao ni Mama Tabitha, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Nikamwendea kwa adabu zangu zote. "Mathe, samahani, nimekuja na wakwe." Hilo neno wakwe likawalainisha, wakakubali kwenda kwenye meza iliyo karibu na jiko. Huko kulikuwa na dereva mmoja wa lori, yuko peke yake, huyo nikambembeleza akaenda kukaa kona. Meza ndefu ikabaki tupu, safi, imeshikana. Nikawakalisha wakwe kwenye safu moja, Mzee katikati.

"Kumbe computer ni kupanga watu?" akauliza.

"Ni hivyo tu, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika, na Njeri akanikonyeza. Jamani, nilijisikia waziri.

Nyama ikaja haraka kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa mbavu. Mimi nilikuwa nimeagiza mguu, na hapo ndipo mtu mwenye akili angemwita waiter, lakini nikasema, "Hapa wananijua" (hakuna aliyenijua). Mama Njeri akaomba, akaombea mpaka mahindi ya Subukia, na alipofika Amina mjomba mmoja alikuwa tayari ana mfupa mkononi.

Ndipo nikasikia ile sauti kutoka upande wa jiko.

"Waiter! Hizi matumbo ni za nani? Na mbavu zetu ziko wapi?"

"Si nimepeleka, mathe? Meza ya dirisha, pale mliniambia mko."

Hoteli nzima ikageuka. Mzee Kariuki, mzee wa kanisa, alikuwa na ubavu wa Mama Tabitha mdomoni, hajui ameze au ateme. Kule kona, dereva wa lori alikuwa amebakisha mfupa mtupu wa mguu wetu. "Mimi nilidhani ni ofa," akasema. Niliona aibu, tena si yangu, ya yule mzee aliyekuwa amenitikisia kichwa kukubali dakika chache tu zilizopita.

Mtu mwingine angeomba msamaha. Mimi nikasimama juu ya benchi.

"Nimeipata!" nikapiga kelele.

"Iko wapi?" Mama Tabitha akaja mbio, akidhani nasema mbavu.

Nilikuwa nimeipata kasoro! Nilihamisha watu, wenyewe wanajua walipo, lakini anayewapelekea vitu hakuambiwa, bado ameshika anwani ya zamani, basi anamletea huyu cha yule, na kurasa zetu vivyo hivyo. Nikatoa laptop (ndiyo, nilikuja nayo kwa wakwe), nikaiweka kati ya ugali na chumvi, nikaanza kuandika na mafuta vidoleni, huku Mzee akisimama kuomba radhi kwa niaba yangu.

"Wafula," Njeri akasema kwa upole wa kutisha, "funga hiyo kitu kabla sijakufunga."

Mwishowe kina mama walirudi dirishani na yale matumbo ya dereva, tukabanana, tukala pamoja kilichobaki. Marekebisho yangu yalikubaliwa, na kwa kuwa desturi yetu ni kuandika jina la aliyefichua kasoro, niliandika Mama Tabitha. Mwenzangu mmoja wa ng'ambo akauliza huyo yuko kampuni gani.

Lakini mnataka kujua kama nilipewa msichana. Tulipofika kwenye gari Mzee alisimama, akafuta mikono kwa leso bila haraka.

"Nyama nimesamehe," akasema. "Lakini siku utahamisha huyu msichana wangu kutoka Subukia, nitaambiwa amepelekwa wapi, ama nitamuuliza waiter?"

"Utaambiwa, Mzee. Wewe wa kwanza."

Tangu siku hiyo, hotelini nakaa pale ninapokalishwa, hata kama ni mlangoni pa choo. Na juzi mimi na Njeri tulipohama kutoka Rhonda kwenda Lanet, nilimpigia Mzee simu kabla hata godoro halijapakiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Na Mama Tabitha umemwambia?"