Greda Lisubiri Ng'ombe Washibe

Mimi ni dalali wa viwanja Kahama, na sioni haya kusema. Watu wanatusema vibaya mchana, jioni wanatupigia simu. Fedha zinazotoka migodini hutafuta pa kujenga, na anayetafuta pa kujenga mwishowe hufika kwangu. Nikisimama kwenye eneo najua cha kutazama: barabara iko umbali gani, umeme umeishia wapi, maji ya mvua yanaelekea upande upi, na muuzaji ana ndugu wangapi watakaokuja kulia baadaye. Nyasi sizitazami. Nyasi hazina bei.

Nilifanya kazi kwa imani hiyo kwa miaka mingi, mpaka mji ulipofika kwa mama yangu.

Eneo lake liko njia ya kwenda Ushetu. Nilipokuwa mtoto kule kulikuwa shamba kweli. Sasa duka la vifaa vya ujenzi linatazamana na zizi. Marehemu baba alilizungushia minyaa, na sehemu kubwa ya nyuma waliifanya ngitili. Ngitili ni nyasi zinazofungwa mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe hata mmoja, mpaka kiangazi kikishakaza ndipo zinafunguliwa. Mgeni akipita pale masika anaona pori lililotelekezwa. Msukuma anaona ghala.

Mnunuzi niliyemleta hakuwa Msukuma. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa asili ya pwani, mpole na mwenye haraka, ambaye kazi yake ni kununua mashamba, kuyakata viwanja na kuviuza. Alikuja mvua zimeisha tu, nyasi zikiwa zinafika kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Tukatembea naye mpaka nyuma. Suruali yake ikajaa mbegu za nyasi, naye akafurahi kweli. "Afadhali," akasema. "Pori tupu, hakuna cha kuvunja. Greda linaweza kuingia hata wiki ijayo."

Mama alikuwa ameshaamua kuuza. Ng'ombe wake walikuwa wanashikwa kila mara kwa kula maua ya watu, na minyaa ilikuwa inakatwa usiku na wasiojulikana. Tukakaa, tukavutana, tukafika kwenye bei niliyoipigania kwa jasho. Ndipo mama akasema kwa upole, "Nimekubali. Ila greda lisubiri ng'ombe washibe."

Mnunuzi akacheka, akanitupia jicho. Katika biashara yetu muuzaji akisema "subiri" maana yake ni "ongeza". Akaondoka, akarudi, akaongeza. Mama akamwambia, "Wabeja, baba, asante sana. Lakini ng'ombe bado." Akarudi mara nyingine na nyongeza nyingine, na safari hii na vitenge. Mama akavipokea vitenge, akamshukuru, akamwombea heri, na akarudia maneno yaleyale.

Kaka zangu walikuwa wanapigana vibega. Mama mjanja huyu! Hata mimi, kusema kweli, nilikuwa namwonea fahari mama yangu kwa kunipita ujuzi wa kazi yangu mwenyewe. Lakini kamba ikivutwa sana hukatika, nami nilimwona mnunuzi anaanza kuchoka. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, inatosha. Akiondoka huyu, hutampata mwingine wa bei hii."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani mimi nimemwomba aongeze?"

Akaacha mwiko, akanieleza. Ardhi mpya angenunua Samuye, kwa ndugu zake. "Lakini ya kule imeliwa mpaka mizizi. Lazima ifungwe mvua nzima ndiyo iwe na kitu. Kiangazi hiki wale hapa, kiangazi kijacho wakale kule. Greda likiingia sasa, watakula wapi? Nitawauza wakiwa mifupa, mwanangu, halafu nije nikae kwako kwenye kiti cha plastiki, nisubiri unipikie."

Hapo niliogopa. Jirani yetu mmoja, mzee, aliuza eneo lake na mifugo yote kwa pamoja. Ana nyumba nzuri ya bati jekundu. Kila asubuhi anatoka na fimbo yake ya kuchungia, anazunguka nayo sokoni, jioni anarudi nayo. Nilimwona mama kwenye kile kiti, nikaona hakuna bei inayonitosha.

Nikaenda kwa mnunuzi, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akaangua kicheko. "Kumbe muda wote nimekuwa nashindana bei na nafsi yangu!" Akajifuta macho. "Bibi yangu alikuwa akisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwambie mama mbachao wake siugusi."

Tulikubaliana aanze kukata viwanja vya mbele, kando ya barabara, na atoe malipo ya mwanzo ili mama akanunue Samuye. Ya nyuma ingebaki mpaka mvua za kwanza. Mama akataka pia warudi kwenye bei ile ya awali, kwa sababu nyongeza hakuziomba. Kaka zangu nusura wazimie. Mnunuzi akakataa, akasema alichotamka ameshakitamka, na nikampenda kuanzia siku ile.

Samuye nilipelekwa kuona. Upara! Vumbi, visiki na kinyesi cha mbuzi wa watu. Nikamwambia mama ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Yeye alikuwa anawaonyesha vijana wa ndugu zake pa kuweka miiba ya kufungia eneo.

Kiangazi hicho ng'ombe wakaila ngitili mpaka ikaisha, kisha mvua zikaja. Greda likaingia nyuma ya nyumba yetu ya zamani, na ng'ombe wakaishi kwa majani mabichi ya viwanja visivyojengwa bado. Kiangazi kilipokaza tuliwapakia kwenye fuso, mama akakaa mbele, akimkaripia dereva kila alipokanyaga breki.

Tulipowashusha Samuye sikuamini. Nyasi zilikuwa zimesimama, za rangi ya dhahabu, kutoka miiba ya huku mpaka miiba ya kule. Mama akasogeza matawi ya miiba ya mlangoni. Ng'ombe wakaingia, wakainamisha vichwa, na hakuna aliyekiinua tena.

"Haya, dalali," akaniambia. "Hapa ungetaja bei gani?"

Nikaanza kama nilivyozoea: barabara iko mbali, umeme haujafika. Sikumaliza. Machozi yalikuwa yananitoka na wala sikuyaficha.

"Hapa hapauzwi, mama."

"Basi rudisha miiba," akasema, "wasije wakatoka."